Kwa Tambwe, Anayekwenda Kuwa Sauti ya Mtu Mwingine

Kindu, Mikelenge, alasiri

Mwanangu Tambwe,

Umevuka mto kwenda Alunguli kumuaga Mama Feza, na najua hutarudi mapema, maana Feza hakubali mtu atoke kwake na tumbo tupu, sembuse wewe. Mimi nimejifungia chumbani. Nimekaa kitandani na karatasi nilizochana kwenye daftari la mdogo wako, na ninaandika haraka kwa sababu Mwinjilisti, huyo mhubiri unayeondoka naye, yuko uani, anasoma Biblia yake kibandani, na kila anapokohoa nashtuka kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Utauliza kwa nini sikukuambia kwa mdomo. Nilijaribu, mwanangu. Juzi nilipoanza tu, ulinishika bega ukacheka: "Mama, weye unaogopa kila muntu mwenye kushika Biblia." Kisha ukachukua ndoo ukaenda kuoga huku unaimba. Nilibaki pale na mwiko mkononi, nimekasirika, halafu hasira ikageuka ikawa huzuni, kwa sababu wimbo ule nilikufundisha mimi, na kesho jioni hakutakuwa na mtu wa kuuimba bafuni.

Mambo ya safari siyaandiki. Sweta utaivaa au hutaivaa, maji utayachemsha au hutayachemsha. Una ndevu sasa. Treni wanasema itaondoka kesho asubuhi, na wewe unaijua treni yetu, inaweza kuondoka kesho kutwa na isimwombe mtu radhi. Natamani iharibike. Nimemwomba Mungu anisamehe kwa kutamani hivyo, na papo hapo nikatamani tena.

Nina jambo moja tu. Kesho unaondoka kuwa mkalimani wa mhubiri, Kibombo, Kongolo, Kabalo, kote reli inakopita. Yeye atahubiri kwa Kilingala, wewe utasimama kushoto kwake ukigeuza kwa Kiswahili. Kazi hiyo nimewahi kuifanya. Mji mzima unajua niliifanya, na wewe unajua vile watoto wanavyojua mambo ya wazazi wao, kwa vipande, kutoka kwa majirani. Leo nataka uisikie kwangu nzima.

Kilingala chako nilikupa mimi, na mimi nilikipata kambini. Babu yako alikuwa askari, nasi watoto tulikulia mahali ambapo hata kuku walifukuzwa kwa Kilingala. Nilipoolewa nikaja Mikelenge, watu walinicheka, wakasema natamka maneno kama sajini. Nilikificha Kilingala changu miaka mingi. Nilikitumia kwa wanajeshi tu, walipokuja sokoni kuchukua ndizi bila kuuliza bei.

Ndipo akaja Nabii. Hukumsahau, najua, ingawa ulikuwa mdogo, umeanza shule juzi juzi. Alishuka kwenye meli kutoka upande wa Ubundu, amevaa suruali nyeupe na koti la kijivu la abakosi, mrefu, na sauti yake ilikuwa nzito hata alipoomba chumvi. Hakujua Kiswahili. Wazee wa kikundi chetu cha maombi walizunguka wakitafuta mtu wa kugeuza, wakanikumbuka mimi mtoto wa kambini. Na kwa kuwa mimi ndiye mkalimani, ikaonekana ni vema mgeni ale kwangu, kama ilivyo desturi yetu na kama Mwinjilisti anavyokula kwangu sasa. Baba yako alikuwa Punia kwenye migodi ya bati, anakuja nyumbani barabara inapomruhusu. Nilikuwa peke yangu na ninyi, na upweke wangu sikuwa nimemwambia mtu.

Nataka uelewe miaka ile ilivyokuwa, kwa maana wewe umekua nayo na huwezi kuona ugeni wake. Ulikuwa ndio wakati majina yetu ya ubatizo yalipokatazwa. Tuliambiwa hayo ni majina ya wazungu, kila mtu arudishe majina ya babu zake. Makaratasi yakabadilishwa, shuleni yakabadilishwa, hata padri aliogopa kumtamkia mtoto jina la mtakatifu. Mimi sikuwa na ugomvi na majina ya babu zetu, ni mazuri, na la kwako ni mojawapo. Lakini lile la ubatizo ndilo mama yangu aliloniitia siku za homa, ndilo nililoitwa nilipotolewa majini nikiwa msichana, na sasa lilikuwa limewekwa ndani kama nguo ya marehemu. Watu walilitamka wamefunga mlango. Tukikutana njiani tulikuwa raia fulani na raia fulani, na asubuhi tulikwenda kwenye animasyo kumchezea na kumwimbia Kiongozi wa chama, mmoja anatoa neno, sisi wote tunaitikia. Tulikuwa hodari wa kuitikia. Hakuna aliyetuuliza kama tunakubali.

Jioni ya kwanza, tumekaa uani, Nabii anakula wali na kuku, nimempa firigisi kama mgeni wa heshima, akaniuliza kwa Kilingala, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Na wewe mama, zamani walikuitaje?" Nikamwambia. Akalirudia jina langu mara mbili, kwa sauti yake ile, na machozi yakanitoka juu ya sahani yangu ya majani ya sombe. Siku nyingi hakuna mwanamume mzima aliyekuwa amelitamka. Baada ya hapo angeweza kuniuliza lolote.

Na aliuliza. Yule mama anayekaa mbele, mwenye kilemba cha bluu, zamani aliitwaje? Na mzee yule wa reli? Na ana shida gani, tumwombee? Mimi nilijibu yote. Sikuona ubaya. Mtu wa Mungu anataka kuwaombea jirani zangu, nitamficha nini? Zaidi ya hayo, nilikuwa nazungumza Kilingala na mtu kwa mara ya kwanza tangu nitoke kwa baba, nikafunguka kama msichana. Mama Zaina, jirani yetu Mwislamu, alikuwa akituona kupitia ua wa miti. Siku moja tukiwa kisimani akanichokoza: "Ule mugeni wenu anakula kidogo, anauliza mingi. Hata polisi haiulize vile." Sikucheka. Nilimnunia muda mrefu, nikasema moyoni, anaelewa nini yeye mambo ya Roho? Baadaye nilikwenda kumwomba radhi, naye alikuwa ameshasahau kwamba nilinuna, jambo ambalo liliniudhi kidogo pia.

Sasa sikia ajabu ya kazi hii, Tambwe, ambayo mtu asiyeifanya hawezi kuijua. Ukigeuza maneno hufikiri. Huna nafasi ya kufikiri. Neno linaingia sikio hili kwa lugha moja, na linatoka mdomoni kwa lugha nyingine, na nyuma yake linakuja jingine. Akiinua mkono unainua mkono. Akiruka unaruka. Mimi niliruka siku moja mpaka kikwembe changu kikalegea kiunoni, nikamalizia mahubiri nimekishika kwa mkono mmoja, na wewe ulikuwa mbele pale unachekelea. Ndivyo ilivyokuwa. Nabii alifunga macho mbele ya watu, akanyoosha kidole, akaita jina. Jina lililokatazwa! Mbele ya watu wote, kwa sauti ya juu! "Yosefu! Mungu anakuona, wewe uliyenyang'anywa kazi." Nami nikaligeuza, na mzee yule wa reli akaanguka magotini akilia. Watu wakapiga kelele, wengine wakakimbia kwenda kuita ndugu zao. Na mimi nilitetemeka kuliko wote. Sikuigiza. Maneno niliyomwambia mwenyewe jana juu ya sahani yalikuwa yananirudia kwa Kilingala, nami sikuyatambua, kwa kuwa yalikuja yamevaa sauti yake na mimi nilikuwa na kazi ya kuyavusha.

Labda utasema, Mama, unawezaje kutotambua? Nimejiuliza miaka yote hii. Nadhani sikutaka. Nilipopita sokoni watu walinipisha. Wanawake walionicheka kwa lugha ya sajini walinishika mkono, wakaniomba niwasemee kwa Nabii. Nilikuwa mke wa mtu aliye mbali, sasa nilikuwa mtu. Uongo wa mtu mwingine unahitaji mlango, na mlango wangu ulikuwa huo.

Kisha ikafika siku ya Feza. Wewe unamjua Mama Feza wa leo, mwenye kusema kwa pumzi fupi na kupumzika katikati ya sentensi. Hukumsikia Feza wa kwaya. Alipoanzisha wimbo, hata Waislamu waliokuwa wanapita njiani walipunguza mwendo. Tulikuwa tunafua pamoja mtoni aliponiambia kwamba anakohoa damu, kwamba anahisi moto kifuani usiku, na kwamba hospitalini wamempa vidonge vya muda mrefu. Aliniapisha nisimwambie mtu, kwa kuwa watu wangekataa kunywa kikombe kimoja naye. Nilimsindikiza hospitali mimi, nikamngojea kwenye benchi mimi. Hakumwambia mwingine. Na mimi nikamwambia Nabii, mezani, kwa mapenzi kabisa. Nilimtaja kwa jina lake la ubatizo, nikasema, Papa, rafiki yangu Elizabeti ana moto kifuani, mwombee.

Siku iliyofuata, mbele ya umati, akaita: "Elizabeti! Wewe mwenye moto kifuani!"

Nilijua. Nataka usome neno hili polepole. Nilijua. Yale ya moto yalikuwa maneno ya Feza mwenyewe, aliniambia mimi mikono yetu ikiwa ndani ya maji ya sabuni, na mahali pekee yalipotoka ni mdomo wangu. Ilinipita mwilini kama baridi. Nilimtazama Nabii, amefunga macho, jasho linamtoka, na umati umenyamaza ukiningoja. Kilingala walikuwa hawakielewi. Ilikuwa bado haijasemwa. Kama ningenyamaza, isingesemwa.

Nikaligeuza. Na kwa kuwa moyo wangu ulikuwa unapiga kelele ndani, nilipaza sauti ili nisiusikie. Nabii aliposema Mungu amemaliza kazi yake, mimi niligeuza hivyo, halafu nikaongeza langu, ambalo yeye hakulisema: "Weka chini vile vidonge, dada yangu!" Watu wakashangilia. Feza alisimama pale mbele amefunika uso kwa viganja, analia kwa furaha, na mimi nilimwona hivyo nikajiambia, labda ni kweli, tazama anavyofurahi, labda Mungu anaweza kupitia hata humu.

Alitupa vidonge. Nabii akaondoka kuelekea Pangi, na tangu pale sijui habari zake, kwa kweli hata leo sijui alikuwa mtu wa namna gani. Huenda alianza vizuri. Huenda alidhani ni kazi ya Mungu kuuliza mezani na kutamka jukwaani. Simjui na nimeacha kumtafuta rohoni. Feza alidhoofika mpaka akawa wa kubebwa. Walimpeleka hospitali kwa baiskeli, ameegemezwa mgongoni mwa kaka yake, na alikaa huko muda mrefu hata tukazoea kwaya isiyo na sauti yake. Aliishi. Kila siku namshukuru Mungu kwa neno hilo moja. Lakini kuimba hakuimba tena.

Nilikwenda kumwambia yote akiwa bado kitandani hospitalini, habari za mezani, habari za kile nilichoongeza. Nililia vibaya, muuguzi akatishia kunitoa nje. Feza alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, akipumzika baada ya kila neno: "Weye unafikiri mi niliamini ule bwana? Mi siyui Kilingala hata ya kuomba maji. Ule alikuwa anapiga kelele tu. Mi nilisikia sauti yako, njo nikaamini."

Niliweka kichwa kwenye kitanda chake. Akanigonga kwa kidole. "Nikitoka hapa, utanipikia sombe," akasema. "Ule mutu alikula yangu yote." Akacheka mpaka akakohoa, na muuguzi akanitoa nje kweli.

Basi hayo ndiyo yangu. Tangu pale nimesikia wahubiri wengi, wengine wa kweli, na sina kipimo cha kukupa mkononi. Kanisani wanasema kupambanua ni karama, wengine wanapewa na wengine hawapewi. Mimi sikupewa siku ile nilipoihitaji, au nilipewa nikaikanyaga, maana ile baridi iliyonipita mwilini ilikuwa ni nini? Naamini sasa ilikuwa ndiyo yenyewe. Haikuja na ngurumo. Ilikuja ndogo, ikanigusa mara moja, ikaniachia niamue. Mwanangu, ikikugusa, usiipigie kelele. Simama. Watu wakungoje. Mhubiri asiyeweza kumngoja mkalimani wake kidogo hana haraka ya Mungu.

Na ujichunguze mwenyewe kabla ya kumchunguza yeye. Tangu upate diploma yako umekaa nyumbani ukingoja kazi, na nimeona ulivyochoka kuamkiwa kwa huruma. Jumapili ile ya kwanza uliposimama kugeuza, ulirudi nyumbani na mwendo mwingine. Mabega yako yalikuwa juu. Nilifurahi, nilitaka kuita jirani zote waone, na wakati huo huo nikaogopa, maana mwendo ule naufahamu, niliutembea mimi katika soko lile lile. Hakuna dhambi kutaka kuwa mtu. Ila ujue kwamba unalitaka jambo hilo, ili mtu mwingine asilijue kabla yako.

Kuhusu Mwinjilisti, nitakuwa mwadilifu. Namchunguza tangu afike, masikini, hajui kwamba kila kijiko anachonyanyua kinahesabiwa. Anaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo Nabii hakulifanya hata mara moja. Juma lililopita alikosea mahali pa andiko, na kesho yake alisimama mbele ya watu akasema, jana nilikosea, naomba mnisamehe. Nilimpenda siku ile. Anakaa na yule kipofu wa njia ya soko bila haraka, na kipofu yule hana cha kumpa. Hayo mema nimeyaona na sitayaficha kwa sababu ya woga wangu. Lakini pia anauliza. Labda anauliza kwa sababu anapenda watu. Labda mimi ndiye niliyeharibika, kila swali mezani linanipa baridi. Usiku naomba nipate kujua, na asubuhi naamka sijui.

Ningeweza kukuzuia. Mama Zaina aliniambia hivyo: "Funga mulango, mutoto njo wako." Kama nisingekubariki usingekwenda, nakufahamu, ungebaki ukinipenda na kunilaumu maisha yangu yote. Na kama huyu ni wa kweli, nitakuwa nimezuia sauti uliyopewa, kwa sababu tu yangu niliitumia vibaya. Kwa hiyo kesho nitakubariki mbele ya watu. Utaona natabasamu. Usiniamini sana.

Nyumba hii itakuwa kubwa, Tambwe. Tayari ni kubwa. Nimepita chumbani kwako mchana kutwa nikisingizia kutafuta vitu. Mdogo wako ameniuliza kama atalala kitanda chako, nikamgombeza bila sababu, ikabidi nimwombe radhi kwa andazi. Nitapika sombe kesho kutwa na nitapika nyingi mno, kwa mazoea, na nitakaa nayo. Ninakulilia na bado uko ng'ambo ya mto unakula kwa Feza. Laiti ungekuwa bado wa kubebwa mgongoni, ningekufunga kwa kikwembe nikapanda treni hiyo nawe, nikakaa kushoto kwako na wewe kushoto kwake.

Sasa la mwisho, na hili nimelifanya bila kukuuliza.

Jana, ulipokuwa umekwenda kununua sabuni, Mwinjilisti aliniita uani. Aliniuliza kwa upole, kwa Kiswahili chake cha kujifunza, ili anifurahishe: "Mama, mutoto yako anaogopa nini? Nataka kumujua, juu ya kumusaidia." Nikamtazama. Jibu la kweli unalijua wewe. Ni lile la utotoni, tunalolijua mimi na wewe, ambalo hata baba yako hatukumwambia. Lilinijia hadi kwenye meno. Sikulisema, na sitaliandika hapa, kwa maana barua siku hizi zinafunguliwa na wengi kabla ya mwenyewe. Nikamjibu: "Anaogopa nyoka, Papa. Nyoka tu." Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema ataliombea.

Wewe, ambaye tangu utoto unawashika mkia na kunikimbiza nao jikoni.

Nimemdanganya mtu wa Mungu, kama ni wa Mungu, na kwa hilo nitajibu mwenyewe. Lakini sasa una kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Kama siku moja, Kongolo au mbele zaidi, atafunga macho mbele ya umati na kusema kwamba Roho amemwonyesha jinsi kijana huyu alivyoteswa na hofu ya nyoka, usiligeuze. Funga mdomo, shuka jukwaani mbele yao wote, panda treni ya kwanza inayopanda kuja Kindu, hata ya mizigo. Hutaulizwa neno mlangoni. Kitanda chako hakitalaliwa na mtu.

Kama atasema lile lingine, lile letu, ambalo sijalitoa kwa mtu na wewe usilitoe, basi mwanangu piga magoti pale pale na umsikilize, na unikumbuke mimi katika maombi yako.

Na kama hatasema lolote kati ya hayo, akawa anahubiri tu, na kukosea tena na kuomba radhi, na kuosha sahani yake kila mji, basi mgeuze kwa nguvu zako zote na kwa sauti niliyokupa, na usiongeze neno. Kisha uniandikie kwamba nilikosea. Niandikie upesi. Sijawahi kutamani kitu maishani kama ninavyotamani kukosea safari hii.

Nasikia mbwa wa Mama Zaina wanabweka. Ni wewe unarudi. Naificha barua hii chini ya mashati yako, uisome ukishavuka Kibombo, mahali ambapo huwezi tena kushuka ukaja kunicheka.

Mama